Korutini moja, mifumo mitatu

Swali: Programu yangu ya C lazima ifanye kazi kwenye Linux, macOS na Windows. Korutini nizijengeje?

Jibu: Usitegemee makecontext na swapcontext. POSIX ya 2008 iliziondoa, na kwenye Linux yenye glibc kila swapcontext huiita kerneli kuhifadhi orodha ya ishara zilizozuiwa. Kasi hupotea hapo. Ficha kazi yote nyuma ya funksheni zako tatu: kuunda, kuingia, kutoka. Ndani yake, Windows ipewe CreateFiber na SwitchToFiber (tanguliza ConvertThreadToFiber), kwingine asembli fupi kwa kila prosesa. Asembli hiyo usiihamishie Windows kama ilivyo: kwenye x86-64, Windows hudai uhifadhi pia rejista rdi, rsi, na xmm6 hadi xmm15. Makosa ya kuzisahau ni magumu mno kuyasaka.