Kununua Sikukuu Kasulu na Kibondo: Kipi Kianze, Kipi Kisubiri

Huko Dresden, Ujerumani, soko la Krismasi lina historia tangu mwaka 1434: vibanda, mapambo, mvinyo wa moto. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma hatuna soko la namna hiyo. Tuna masoko na magulio yale yale ya siku zote, ambayo ikifika Desemba yanamwagika hadi barabarani. Waliokwenda kutafuta maisha Dar es Salaam na Mwanza wanarudi, na kila nyumba inataka nguo mpya, nyama na pilau kwa wakati mmoja. Bei zinapanda, lakini hazipandi siku moja. Mimi naishi Kasulu, ukweni ni Kibondo, kwa hiyo sikukuu naigawa katika miji yote miwili kwa mpangilio huu.

1. Fundi kwanza

Wiki ya mwanzo ya Desemba ni ya vitambaa. Kitenge usikinunue kikiwa kimekunjwa. Fungua chote, upime urefu kwa mikono, kisha geuza upande wa nyuma uone rangi imepenya kiasi gani. Sugua pembe moja kwa leso iliyoloa; rangi ikihamia kwenye leso, itahamia pia kwenye shuka zako.

Ikifika katikati ya mwezi, mafundi hupokea kila kazi na kumaliza chache. Lipa nusu, nusu ibaki siku ya kuchukua, na mwambie fundi kwamba shughuli yako ni tarehe 20. Viatu vya watoto vya mtumba nenda navyo kwa kamba: pima mguu nyumbani, kata kamba, mtoto abaki.

Ukisafiri kati ya Kasulu na Kibondo utapita Makere, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kila mwaka kuna atakayekunong'oneza kwamba humo vitenge vya Kongo ni bei ya bure. Kambini hakuingiwi bila kibali cha serikali. Endelea na safari.

2. Dagaa na mawese: Kasulu

Kasulu iko karibu zaidi na ziwa, basi vya ziwani na mawese nanunua hapa. Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu na mitumbwi hupumzika. Mwaka 2015 mwezi mpevu uliangukia Krismasi yenyewe, na mwaka 2026 unaangukia tarehe 24. Mwaka wa namna hiyo usingoje wiki ya sikukuu. Nunua mapema, uwatunze pakavu. Mtafune mmoja kwanza: mchanga ukisaga meno, alianikwa chini. Wa kwenye chanja ni ghali kidogo, lakini huoshi mara tano.

Huku tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na siku za mvua baridi hugandisha mawese ndani ya dumu. Kuganda si kuharibika. Kinachonitia wasiwasi ni maji, ambayo hujificha chini kabisa. Mwombe muuzaji akuchotee kutoka chini ya dumu. Akisita, umeshapata jibu.

3. Asali na maharage: Kibondo

Kibondo ina misitu ya miombo, na upande wa Pori la Akiba la Moyowosi nyuki wana malisho ya kutosha. Usihukumu asali kwa kuganda chengachenga, hata asali safi huganda. Jaribio la kiberiti nalo halithibitishi kitu. Nunua kwa mrina anayejulikana mtaani, mtu utakayemkuta hapo hapo mwakani.

Kwa maharage, kagua kipimo kabla ya kukagua punje. Pitisha kiganja kwenye kitako cha debe: kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, unalipia hewa. Uliza pia kama ni ya msimu uliopita. Ya zamani hula kuni, na wageni wakishakaa mkekani huwezi kuwaambia wasubiri.

4. Wenye miguu mwisho

Mbuzi nanunua mnadani takriban wiki moja kabla. Akikaa zaidi nyumbani anakonda kwa ugeni, na watoto wanampa jina. Ukimvusha kwenda wilaya nyingine, pitia kwa ofisa mifugo upate kibali cha kusafirisha. Kuku ni tarehe 23. Shika kifua, usidanganywe na manyoya.

5. Ukiwa sokoni

Nenda asubuhi, maana mvua mara nyingi huja mchana, na udongo wetu mwekundu ukiloa hauheshimu viatu vya sikukuu. Salamu zitangulie: "Mwakeye" kwa Kiha, au "Shikamoo mama" kwa aliyekuzidi umri. Kisha bei. Wiki ya mwisho muuzaji hashuki, kwa sababu nyuma yako kuna watu watano. Omba nyongeza badala ya punguzo: "Sawa mama, bei yako naikubali, basi niongezee." Mkono unaokataa kushusha shilingi mia mbili huongeza nyanya tatu bila kunung'unika. Beba noti ndogo. Chenji ndiyo bidhaa adimu kuliko zote Desemba.

6. Bahasha ya Januari

Hatua hii nimeiandika mwisho, lakini ifanye kabla ya kumwona fundi. Tia pesa ya Januari kwenye bahasha, mpe mtu mgumu wa kuombwa. Kwangu ni mama mkwe. Sare, madaftari na mbolea ya kukuzia mahindi hudai kabla mifupa ya mbuzi haijakauka.