Jinsi Nilivyoziba Bafu Lililovuja

Sote tumefundishwa darasani kwamba mtu akitaka kujua sababu ya jambo, yampasa ajaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, na vingine aviache kama vilivyo. Niliandika sheria hiyo katika daftari langu tangu Kidato cha Tatu, lakini sikuijua maana yake mpaka likizo iliyopita, nilipolala chali chini ya bafu la Baba Mdogo.

Baba Mdogo amepanga orofa ya juu ya nyumba ya zamani mjini Jinja, katika zile nyumba zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, duka chini na makao juu. Chumba cha kuogea kina bafu la chuma lenye miguu minne. Chini yake ni duka la mama mmoja auzaye unga wa posho na sukari. Siku ya pili ya likizo mama huyo alipanda ngazi, akatuonyesha unga uliogandamana kwa maji. Akasema kwa upole, "Jirani, hili ni gunia la tatu. La nne nitalipeleka kwa mwenye nyumba." Baba Mdogo aliona haya, kwa kuwa fundi alikuwa amekwisha kuja mara mbili, akabadilisha bomba la chini lililopinda, akalipwa, na maji yakaendelea kudondoka.

Nikamwambia, "Baba Mdogo, nipe siku mbili nitafute maji yanapopita." Akacheka. "Haya, mwanangu, ila usinibomolee nyumba."

Kwanza yafaa tujue njia ya maji. Mdomoni mwa tundu la bafu mna pete ya shaba yenye hesi kwa nje. Pete hiyo hupita katika tundu, ikakazwa ndani ya kiwiko cha bomba kilicho chini. Kati ya kiwiko na tumbo la bafu hukaa washa nene ya mpira, na chini ya mdomo wa pete hupakwa puti au silikoni. Kutoka hapo maji huingia katika bomba lililopinda. Bomba hilo hubakiza maji kidogo siku zote, ili harufu ya mtaroni isirudi chumbani. Akili hiyo ni ya zamani: mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa wa Scotland, alipewa haki ya kutengeneza choo chenye bomba la namna hiyo. Tena, juu ubavuni mwa bafu, liko tundu dogo la kupunguzia maji yakizidi.

Jaribio la kwanza. Nilikausha kila kitu kwa kitambaa, nikatandika magazeti chini ya bafu, nasi hatukulitumia usiku kucha. Asubuhi magazeti yalikuwa makavu. Basi bomba linaloleta maji halikuwa na kosa, maana hilo lina maji yenye nguvu usiku na mchana.

Jaribio la pili. Niliziba tundu kwa kizibo, nikatia maji kimo cha shubiri moja, yasifike kwenye tundu la juu, nikakoroga bluu ya kufulia nguo. Kisha nikaingia uvunguni na tochi. Baada ya dakika chache tone la bluu lilining'inia ukingoni mwa washa, likaanguka. Nikaweka kikombe cha robo lita, kikajaa kwa dakika kumi. Hiyo ni lita moja na nusu kwa saa! Angalieni sana: kizibo kilikuwa kimefungwa, na bomba lililopinda halikupata maji ya bafu hata kidogo. Fundi alikuwa ametibu mguu, na ugonjwa uko kichwani.

Nikamwaga maji yale kwa ndoo, nikaanza kazi. Nilichomeka mikono ya koleo katika msalaba wa pete, nikapitisha bisibisi kati yake, nikazungusha kinyume cha saa. Mdogo wangu alishika kiwiko chini kwa spana, bomba lisijipinde. Washa ilitoka ikiwa ngumu kama ganda la nazi, tena imepasuka. Nikakwangua uchafu wote wa zamani, nikanunua washa mpya na silikoni.

Hapa ndipo nilipokosa. Nikidhani kwamba dawa nyingi huponya upesi, niliipaka washa silikoni pande zote, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Baada ya saa 24 nikajaza maji, nayo yakavuja kuliko kwanza. Ilinipasa nishuke dukani kumwomba yule mama radhi, nikamsaidia kusogeza magunia. Hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi.

Nilipofungua tena niliona sababu. Silikoni ilikuwa imeifanya washa iteleze, na nguvu zangu zikaisukuma nje ya mahali pake. Safari hii niliiacha kavu, nikapaka silikoni chini ya mdomo wa pete tu. Nikakaza mpaka ikashika, nikaongeza robo ya mzunguko, nikaacha. Nikangoja tena saa 24, nikajaza maji ya bluu, nikalala uvunguni nusu saa. Kikombe kikabaki kikavu. Nikatoa kizibo, maji yote yakapita, viungo vya chini navyo vikavu. Siku mbili nilizoomba zilikuwa zimekwisha kuwa nne.

Basi, ndugu zangu, maji yakivuja kwenu, msianze kwa spana. Anzeni kwa kitambaa kikavu, kikombe na bluu kidogo.

Wiki nzima yule mama aliacha mahali pale patupu, akiweka sufuria tu. Siku niliyokuwa narudi shuleni nilipita dukani kumwaga, nikaona sufuria imeondolewa na magunia yamerudi mahali pake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita