Mchagua jembe si mkulima, lakini mpini uchague!

Mvua zinakaribia na kila nikipita vijijini nasikia maswali ya mbegu na mbolea. Ni sawa, ila kuna kitu kimoja hakuna anayeniuliza: mpini wa jembe. Jembe jipya watu wanalikagua dukani, wanaligonga kusikia mlio, halafu mpini wanaokota wowote ule. Hapo ndipo mgongo unapoanza kuuma, malengelenge yanatoka, na siku nyingine jembe linachomoka na kumpiga mtu aliye jirani. Leo tuongee mpini, hatua kwa hatua.

1. Urefu: pima kwa mwili wako

Simama wima bila viatu, simamisha mpini chini mbele yako. Ncha ya juu ifike kati ya nyonga na kitovu. Kwa watu wazima wengi hiyo inaangukia kati ya sentimita 90 na 110. Kisha jaribu: inua na ushushe mara kumi. Ukijikuta umejikunja mno, mpini ni mfupi. Ukiona jembe linakuvuta kwa mbele na hulitawali, mpini ni mrefu kuliko nguvu zako, punguza kidogo kidogo.

Usidhani habari ya mpini mfupi ni jambo dogo. Kule California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa miaka mingi kupalilia kwa jembe la mpini mfupi sana, waliloliita kwa Kihispania *el cortito*, yaani kafupi. Walikuwa wameinama kutwa nzima. Wakadai haki zao, madaktari wakaeleza jinsi uti wa mgongo unavyoharibika, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Jembe lilikuwa lilelile la kupalilia, tatizo lilikuwa ni mpini.

Na hapa niseme wazi: nyumba nyingi zina mpini mmoja uliopimwa kwa baba, halafu anayelima muda mrefu zaidi ni mama. Kila mlimaji awe na wake. Mpini ni gharama ndogo, mgongo hauna duka.

2. Unene: kidole gumba kikujibu

Shika mpini kama unalima. Kidole gumba kifike juu ya ncha ya kidole cha shahada, au zikaribiane sana. Mwembamba mno unakufanya ukaze ngumi hadi mkono unakufa ganzi. Mnene mno unakuteleza. Kwa wengi, unene wa sentimita 3 hadi 4 unatosha.

3. Mti gani?

Tunataka mti mgumu lakini unaonepa kidogo, maana mgumu tu bila kunepa unavunjika ghafla na unapeleka mtikisiko wote kwenye viganja. Mkole unafaa sana, wazee wanaujua tangu enzi za pinde. Mpera nao ni mzuri na upo uani kwa watu wengi. Mkwaju unadumu, ila ni mzito. Mkaratusi unapatikana kirahisi, lakini ukikauka vibaya unapasuka.

Tawi lililonyooka lenyewe ni bora kuliko mpini uliopasuliwa kwenye ubao, kwa sababu nyuzi za tawi zinakwenda na urefu wake. Kama unanunua gulioni, fuata nyuzi kwa jicho: zikikatisha kwenda ubavuni, au kukiwa na jicho la tawi karibu na kichwa, rudisha. Hapo ndipo patakapokatika.

Miti ya hifadhini usiiguse bila kibali. Panda mikole au mipera michache mpakani mwa shamba, utavuna mipini miaka na miaka.

4. Kausha kwanza

Kosa linaloongoza ni hili: mtu anakata mti asubuhi, mchana analima nao. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na jembe linaanza kucheza. Kata mnene kidogo kuliko unavyohitaji, menya gamba, paka nta ya mshumaa au rangi kwenye ncha mbili zisipasuke, kisha laza kivulini penye hewa kwa miezi miwili au mitatu. Si juani, na si juu ya moshi wa jiko.

5. Kufunga

Kwa jembe la tundu, mpini uwe na kichwa kinene. Pitisha jembe kutokea upande mwembamba, lipande hadi likwame kichwani. Ukifunga hivyo, kila pigo linalikaza zaidi. Jembe la msumari linahitaji mpini wenye kichwa kinene pia. Toboa tundu dogo kuliko msumari, usije ukapasua mti.

Likilegea, tia kabari ya mti mkavu au kipande cha mpira wa tairi. Wengi huloweka jembe kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi ni kweli linakaza, ila mchana likikauka linalegea kuliko jana. Hiyo dawa ni ya siku moja tu.

6. Kulainisha na kutunza

Kwangua kwa kipande cha chupa, malizia na msasa. Usipake vanishi, inateleza na kuleta malengelenge. Oili chafu ya gari nayo acha, si salama kwa ngozi. Futa kwa mafuta kidogo ya alizeti, liache likauke. Baada ya kazi, ondoa udongo na weka jembe ndani, si kwenye umande.

Kabla ya kuingia shambani

Kila asubuhi shika mpini, tikisa jembe mara tatu. Likicheza, usilime nalo, hasa kama watoto wako karibu. Angalia pia ufa karibu na kichwa. Mpini wenye ufa usiufunge waya ukaendelea, ufanye kuni.

Kwa hiyo wiki hii, toa majembe yote ya nyumbani nje, ita kila mtu apime wake. Yasiyofaa anza kuyatafutia mipini sasa, ili mvua ikinyesha wewe uwe unalima wakati mwenzako anatafuta kabari.

Kazi njema!