Matembezi ya Jamaa na Mtoto Asimamaye Dede

Katika miezi ya kiangazi watu wengi wa sharika zetu hupenda kutoka siku moja, baba na mama na watoto wote, wakaenda kutazama nchi. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Lakini twaona mara nyingi ya kwamba mdogo wao, yule aliyeanza kusimama dede, hutoka nyumbani amefungwa mgongoni kwa mbeleko, na jioni hurudi vile vile, nyayo zake hazikugusa nchi hata mara moja. Wakubwa wametembea, yeye amebebwa tu. Katika somo hili twataka kuonyesha jinsi siku hiyo iwezavyo kuwa siku yake pia.

Kwanza tujue mtoto huanza kutembea lini, maana hapo ndipo maneno mengi yatokapo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza habari za watoto wenye afya waliochunguzwa katika nchi tano, yaani Ghana, Uhindi, Norwei, Omani na Marekani. Ilionekana ya kwamba mtoto huanza kutembea peke yake, asiposhikwa na mtu, tangu umri wa miezi 8 hivi hata miezi 17 na nusu. Tazameni upana wa nafasi hiyo! Watoto wawili waliozaliwa juma moja waweza kupitana kwa miezi 9, na wote wawili wakawa wazima. Tena wako wachache, kama 4 katika 100, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, nao wakatembea kama wenzao.

Basi siku ya matembezi jamaa wote hukutana, mashangazi na wajomba na bibi, na watoto huwekwa chini pamoja katika majani. Mmoja husema, "Wa kwetu alikimbia kwa miezi kumi." Mama wa yule asiyetembea hunyamaza, na baba huona haya. Kisha humshika mtoto mkono mmoja, akamvuta asimame mbele ya watu. Jambo hili lina hatari ya kweli. Kumvuta mtoto mdogo kwa mkono, au kumnyanyua na kumbembeza kwa mikono yake kama watu wafanyavyo kwa mchezo, huweza kuutegua mfupa wa kiwiko. Atakaye kumnyanyua na amshike kwapani.

Lakini mtoto aliyefika miezi 18 naye hatembei peke yake, au apotezaye lile alilokwisha kuliweza, au atumiaye upande mmoja wa mwili tu, na apelekwe hospitali mapema. Asifichwe nyumbani kwa aibu, wala mama yake asitafutiwe hatia na majirani. Twalisema hili waziwazi, kwa kuwa twajua nyumba ambamo mama alilaumiwa mwaka mzima kabla mtoto hajaonwa na daktari.

Sasa tuchukue mfano wa mahali. Toka mji wa Lushoto hata genge la Irente ni mwendo wa kilometa 5 hivi. Mtu asimamaye pale juu huiona nyika ya upande wa Mazinde mbali chini yake, kadiri ya mita 1,000, nasi wakubwa hatuchoki kupatazama. Lakini mtoto wa mwaka mmoja haitazami nyika. Yeye aona kijiwe, na sisimizi, na jani lililoanguka. Tena ukingo wa genge si mahali pa kumweka chini hata kidogo, ijapo mwaishika nguo yake. Hapo na akae mgongoni, nao wakubwa watazame kwa zamu. Wakiisha kutazama, warudi nyuma mbali kabisa na ukingo, hata mahali tambarare penye majani mafupi, na hapo wakae nusu ya siku kwa ajili yake.

Labda mtu atauliza, Nusu ya siku, mtoto atafanya nini? Atafanya kazi kubwa. Watu wa elimu wa New York walihesabu, nao wakaandika mwaka 2012 ya kwamba mtoto aliyeanza kutembea, akiachwa acheze, huenda hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Huko kuanguka ni sehemu ya kujifunza. Mtoto aangukapo huutazama kwanza uso wa mama yake. Mama akipiga kelele, naye hulia. Mama akitulia, huinuka mara nyingi akaendelea.

Wako waliosema zamani ya kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kutembea kwa sababu ya damu yake. Mmarekani mmoja, Charles Super, alikaa kati ya Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1976 akaandika ya kwamba mama zao huwafundisha watoto kuketi na kutembea, na katika mambo hayo watoto hutangulia. Lakini katika kutambaa, wasikofundishwa, hawakutangulia vile. Habari hii yatupendeza sana. Bibi zetu walikuwa walimu, wala hawakuhitaji vile vigari vya kumkalisha mtoto ndani, ambavyo Kanada ilivikataza mwaka 2004 kwa ajili ya watoto walioumia.

Katika kufundisha, chuchumaa mbele yake hatua mbili tatu, mwite, ungoje. Dada yake wa miaka kumi mara nyingi hushinda wakubwa kwa kazi hii, maana hana haraka ya kufika popote. Viatu avuliwe, ili vidole vishike nchi, ila palipo na miiba au baridi kali. Kabla ya kumweka chini, mmoja azunguke mahali pale kutazama siafu, vigae vya chupa na upupu. Moto wa chai uwe mbali, na birika lisiwekwe ukingoni mwa mkeka. Kama kuna kijito au ndoo ya maji, mtu mmoja atajwe kwa jina awe mlinzi, kwa kuwa kila mtu akidhani mwenziwe atazama, hakuna atazamaye. Na maji yasiyofika magotini yatosha kumzamisha mtoto.

Akianza kusugua macho na kuanguka bila sababu, amechoka. Hapo mbeleko na irudi. Tena si lazima iwe mgongo wa mama, ambaye amembeba wakati wa kwenda. Njia ya Irente ina kilima, na baba ana mgongo mpana zaidi.