Mlango wa Kanisa na Njia ya Maandamano

Somo kwa wakatekumeni

Mtakatifu Paulo alipofika Yeruzalemu mara ya mwisho, aliingia hekaluni kutimiza siku za utakaso, kama ilivyokuwa desturi ya taifa lake. Siku hizo zilikuwa karibu kwisha. Ndipo watu fulani waliotoka Asia walipomwona, wakapaza sauti, wakauchochea umati. Luka Mtakatifu aeleza katika sura ya 21 ya Matendo ya Mitume jinsi walivyomkokota nje, na jinsi milango ya hekalu ilivyofungwa mara nyuma yake. Jemadari wa Kirumi aliposikia ya kuwa mji umechafuka, alishuka mbio pamoja na askari, na wale waliokuwa wakimpiga Paulo wakaacha. Lakini jemadari huyo huyo, baada ya kumwokoa, aliamuru apigwe mijeledi ili atoe maneno. Paulo alikuwa amekwisha kufungwa kamba alipomwuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa.

Mkatekumeni na asome sura hiyo na inayofuata, pole pole. Katika siku moja, mtu aliyekuja kusali alipatwa na hatari mbili: umati uliomtoa mahali pa sala, na askari waliotaka kumtesa bila hukumu. Wakristu wa Kongo wamezijua hatari zote mbili.

Haki ya raia

Wako watu vijijini wanaodhani ya kuwa kuandamana ni uasi, na ya kuwa Mkristu mwema hukaa kimya daima. Sivyo. Paulo hakukaa kimya. Alidai haki yake mbele ya akida, na akida akaogopa. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema wazi katika kifungu cha 26 ya kuwa raia wana uhuru wa kuandamana. Wenye kuandaa maandamano barabarani wanatakiwa kuwapa taarifa kwa maandishi wakuu wa serikali wa mahali pale. Taarifa ni taarifa. Si kuomba ruhusa. Mtu anayemwambia jirani yake, «Ninapita njia hii kesho,» hampi jirani uwezo wa kumzuia.

Kifungu hicho hicho kina neno jingine ambalo wengi hulisahau: hakuna mtu awezaye kulazimishwa kushiriki maandamano. Na kifungu cha 22 kinalinda uhuru wa dini, yaani haki ya kuabudu, kufundisha na kufanya ibada, mradi sheria, utulivu wa watu, desturi njema na haki za wengine ziheshimiwe. Basi haki hizi mbili zimekaa katika kitabu kimoja, na hakuna iliyo juu ya mwenzake. Shida inaanza zinapokutana mlangoni.

Mambo yaliyotokea

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 16 Februari 1992. Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao Askofu Mkuu Laurent Monsengwo alikuwa mwenyekiti wake, ulikuwa umesimamishwa na serikali mwezi wa Januari. Jumapili ile, Misa zilipokwisha, Wakristu wa Kinshasa walitoka parokiani mwao kwa miguu, wengi wakichukua Biblia, rozari na matawi. Askari waliwapiga risasi. Waliokufa walikuwa wengi, na hesabu zao hazikupatana. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa Aprili mwaka ule ule.

Mara ya pili vijana wa leo wanaikumbuka wenyewe. Muda wa Rais Joseph Kabila ulikuwa umetimia mwezi wa Desemba 2016. Maaskofu walisimama katikati ya serikali na wapinzani wake, na usiku wa mwisho wa mwaka huo mapatano yalitiwa sahihi: uchaguzi ufanyike kabla ya mwaka 2017 kwisha. Haukufanyika. Hapo walei wa Kinshasa waliokusanyika katika Kamati ya Uratibu ya Walei Wakatoliki waliwaita waaminifu waandamane kwa amani tarehe 31 Desemba 2017, baada ya Misa, kutoka kila parokia. Wakuu wa mji walikataa. Siku hiyo intaneti na ujumbe wa simu vilikatwa, vizuizi vikawekwa njiani, na watu walioshika rozari waliulizwa waendako. Moshi wa kutoa machozi ulitupwa hata ndani ya viwanja vya makanisa na ndani ya makanisa yenyewe. Vijana watumikiao altare walikamatwa wakiwa na kanzu zao.

Maandamano yalirudiwa tarehe 21 Januari na tarehe 25 Februari 2018. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 6 waliouawa siku ile ya Januari. Mmoja wao alikuwa binti aliyetaka kuwa mtawa, naye alipigwa risasi kwenye parokia yake katika mtaa wa Kintambo. Siku ya Februari, kijana mwanaharakati Rossy Mukendi aliuawa kwenye parokia ya Mtakatifu Benedikto, mtaani Lemba. Uchaguzi ulifanyika hatimaye tarehe 30 Desemba 2018.

Kinshasa ni mbali na Kamina, na mtu wa Kabongo au Bukama aweza kusema hayo ni mambo ya mji mkuu. Lakini na afikiri juu ya wale wasioandikwa katika habari. Kati ya waliovuta moshi ule walikuwamo wazee waliokuja kusikiliza Misa tu, na mama waliobeba watoto mgongoni. Hawakuwa na bango. Huenda wengine hawakupendezwa na maandamano hata kidogo. Askari aliyetupa moshi hakuwatenga, na kwa kweli asingeweza kuwatenga. Hapo ndipo kosa lake linapoonekana kuwa kubwa kuliko kuvunja maandamano: alifanya sala yenyewe kuwa hatari.

Upande wa pili

Lingekuwa somo la uongo kama lingewataja askari peke yao. Katika mwaka 2021 palikuwa na ugomvi juu ya mtu atakayeongoza tume ya uchaguzi. Madhehebu mengine yalimkubali mtu mmoja. Wakatoliki na Waprotestanti wa Kanisa la Kristu katika Kongo walimkataa. Tarehe 1 Agosti, vijana walifika mbele ya makao ya Askofu Mkuu wa Kinshasa, Kardinali Fridolin Ambongo, wakatupa mawe. Huko Mbuji-Mayi vilevile makao ya Askofu yalishambuliwa.

Je, vijana hao hawakuwa na haki ya kusema maaskofu wamekosea? Walikuwa nayo. Askofu akisema neno juu ya mambo ya serikali, raia aweza kumjibu, hata kwa maneno makali, hata barabarani mbele ya nyumba yake. Mkristu asikasirike akiona bango linalompinga askofu. Lakini jiwe si neno. Tena mtu akijipanga mlangoni ili wengine wasipite, ameacha kusema, ameanza kuwatawala wenzake.

Huko Marekani shauri la namna hii lilifika mbele ya mahakama kuu. Katika mwaka 2006, watu wachache walisimama na mabango ya matusi wakati wa mazishi ya askari kijana katika kanisa Katoliki la jimbo la Maryland. Baba wa marehemu alishtaki. Tarehe 2 Machi 2011, majaji 8 kati ya 9 waliamua ya kuwa wenye mabango hawawezi kutozwa fidia. Uamuzi huo ulimuumiza baba yule, na ni vigumu kuusoma bila kumhurumia. Hata hivyo majaji walitazama jambo moja kwa makini: watu wale walikuwa wamewaarifu polisi, walisimama mahali walipoambiwa, kadiri ya mita 300 kutoka kanisani, hawakuingia wala hawakuvuruga ibada.

Je, vijijini kuzunguka Kamina ziwe mita ngapi? Hakuna haja ya kupima kwa kamba. Kipimo kilicho bora ni bibi kizee aliyetoka kijijini alfajiri kwa miguu: je, aweza kufika mlangoni bila kuogopa, na akikaa benchi la nyuma aweza kusikia Injili ikisomwa? Akiweza, wenye mabango na wabaki walipo. Asipoweza, na wasogee mbali.

Swali linaloulizwa daima

Swali: Yesu Kristu mwenyewe alipindua meza hekaluni. Kwa nini basi watu wakatazwe kufanya fujo mahali pa sala?

Jibu: Itazamwe vizuri mahali meza zile zilipokuwa. Zilikuwa katika ua wa nje, ambapo hata watu wa mataifa waliruhusiwa kumwomba Mungu. Wafanya biashara walikuwa wameujaza ua huo kwa njiwa na fedha, na mgeni aliyekuja kusali hakupata nafasi. Bwana aliwatoa wenye kuzuia. Matayo Mtakatifu aeleza ya kuwa baada ya hapo vipofu na viwete walimwendea hekaluni, naye akawaponya. Kwa hiyo njia ilifunguliwa. Anayechukua mfano huo ili kuwafungia watu njia ya kanisa ameusoma kinyume.

Sheria ya Kanisa

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha ya kuwa mtu asilazimishwe wala asizuiwe katika mambo ya dini, na ya kuwa kila mtu anapotumia uhuru wake aheshimu haki za wengine. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1221, yataka kuingia kanisani wakati wa ibada kuwe huru na bure. Haisemi wanaoingia wawe wa chama gani. Wakatekumeni wakumbuke ya kuwa wao wenyewe hupokewa kwanza mlangoni, na hapo huulizwa wanaomba nini kwa Kanisa.

Kutokana na hayo laonekana jambo ambalo walei wenye kuandaa maandamano hawana budi kulitunza. Maandamano yasianze ndani ya Misa. Padri atoe baraka, watu waagwe, na wanaorudi nyumbani wapewe nafasi ya kutoka kwanza, kwa utulivu, bila kuitwa waoga. Kisha wenye kuandamana wakusanyike nje ya uwanja, barabarani, mahali taarifa yao ilipotaja. Wengine watasema hivyo ni kuwaacha waandamanaji bila ngao, kwa maana kanisa peke yake ndilo askari wanaloliogopa. Neno hilo lina uzito. Lakini mambo ya 2018 yameonyesha ya kuwa ngao hiyo hutoboka, na aliye nyuma yake mara nyingine ni mtu asiyejua lolote.

Swali: Na mwandamanaji akifukuzwa, akakimbilia kanisani, katekista afunge mlango?

Jibu: Asifunge. Sheria ya zamani ya mwaka 1917 ilisema wazi, katika kanuni ya 1179, ya kuwa Kanisa lina haki ya kuwa kimbilio. Sheria ya 1983 haikulirudia neno hilo, lakini wajibu wa kumpokea aliye hatarini haukufutwa. Huko Nairobi, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la Waanglikana la All Saints wakawapiga watu, hata mchungaji Timothy Njoya akaumizwa. Wakenya wengi, hata wasiokuwa wa kanisa lile, walilihesabu tendo hilo kuwa aibu ya taifa. Aliyekimbilia ndani aache nje jiwe na fimbo. Akiwa ameshtakiwa kosa, askari wamngoje nje, au waingie wawili bila silaha, wakiongozwa na padri au mzee wa kanisa, ibada ikiwa imekwisha.

Swali: Na kama damu imemwagika ndani?

Jibu: Hapo katekista asioshe sakafu na kuendelea na sala ya Jumapili kana kwamba hakuna kitu. Ampelekee padri habari siku ile ile, kwa simu au kwa baiskeli. Kanuni ya 1211 yasema ya kuwa tendo zito lililo kinyume cha utakatifu wa mahali, likiwa na kikwazo kwa waaminifu, linapanajisi, na ni askofu wa jimbo anayeamua kama uzito wake umefika hapo. Akiamua hivyo, ibada haifanyiki mle mpaka tendo la toba lililowekwa katika vitabu vya liturujia limetimizwa. Siku za kungoja, waaminifu na wakusanyike chini ya mwembe, na wenye msiba wapewe viti vya mbele.