SOMO: Haki za Raia na Shamba la Mwanamke

Haki za raia ni nini? Ni haki alizo nazo kila raia: kupiga kura, kutoa maoni, kusikilizwa mahakamani, kumiliki mali. Si hisani ya mwenyekiti wa kijiji wala ya wazee wa ukoo. Ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali.

Je, maandishi hayo humlinda mtu kweli? Tutazame shauri moja. Holaria Pastory, wa Mkoa wa Kagera, alirithi shamba la baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza. Jamaa wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, alimshitaki, akidai kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na jamaa huyo. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa mila hiyo inakwenda kinyume cha Katiba.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, ilibatilisha mila yoyote inayowanyima ardhi wanawake, watoto au walemavu.

Hapa Kahe, mjane akinyang'anywa shamba la mpunga au mahindi, watoto wake wanakosa chakula. Afanye nini?

1. Apeleke lalamiko Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe wake ni 7, na wasiopungua 3 ni wanawake.
2. Wasipopatana, aende Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo hupatanisha tu, halitoi hukumu.
3. Ikishindikana, afungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Rufaa huenda Mahakama Kuu.

Hata hivyo kazi haijaisha. Kanuni za mirathi za kimila za mwaka 1963 zinawabagua wajane na mabinti, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliitaka Tanzania izirekebishe. Ndiyo maana wosia ulioandikwa una thamani kubwa: Holaria alikuwa nao.

Sheria haimfuati mtu nyumbani. Mjane anayekwenda barazani peke yake hukata tamaa mapema. Kamati ya parokia imsindikize.

Maswali ya kujadili:
- Ni nani wajumbe wa Baraza la Ardhi katika kijiji chetu?
- Ni familia ngapi katika jumuiya yetu zimeandika wosia?