Feruzi alitoka wapi?

Mdogo wangu wa Kanyaruchinya, barua yako nimeisoma taratibu, na najua swali hili si lako peke yako. Babu wa baba yako aliitwa Feruzi. Majirani zenu, toka Munigi mpaka Kibumba, hawana jina la namna hiyo, na tangu utotoni watu wanakuuliza, "Lakini ninyi ni watu wa wapi?" Baba amefariki. Umebaki na bibi, na unataka kujua kabla naye hajaondoka.

Basi sikia. Usianze kwa kutafuta "ukoo wa Feruzi". Kwa wazee wetu jina halikurithiwa toka baba kwenda kwa mwana kama kwa Wabelgiji. Kila mtoto alipewa lake, na watoto wa tumbo moja wangeweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Kwa hiyo ukimkuta Feruzi mwingine Bukavu au Kindu, msalimie vizuri, lakini usimwite ndugu bado.

Kuna majina yanayokuonyesha njia moja kwa moja. Mnande anayeitwa Kambale amezaliwa mtoto wa kiume wa pili, na ukivuka mpaka hadi Kasese, Uganda, kwa Wakonzo, Kambale huyo anakuwa Bwambale, na Kasereka anakuwa Masereka. Jina kama hilo lina kabila ndani yake na lina nafasi ya mtu kwa mama yake. La kwenu ni la aina nyingine kabisa.

Feruzi ni jiwe la thamani, na jina hilo lilikuja kwetu na misafara ya pwani. Katika karne ya 19, Zanzibar na mrima wake, majina kama Feruzi, Almasi, Marijani na Mabruki yalipewa mara nyingi watu waliotekwa bara wakauzwa. Bwana ndiye aliyechagua jina, na lile la nyumbani likafunikwa. Baadaye misafara ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikafika Nyangwe na Kasongo, huko Maniema, ambako Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alijenga himaya yake ya pembe za ndovu na watumwa. Vijana wengi wa Maniema waliingia katika misafara hiyo, wengine kwa kutekwa, wengine kwa kufuata nguvu na bunduki. Wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili, wakajiita waungwana, na wakachukua majina ya pwani.

Kwa hiyo Feruzi wenu anaweza kuwa mtu wa pwani. Anaweza pia kuwa mtoto wa Mkusu au Mbangubangu wa Maniema aliyepewa jina jipya njiani. Ukiniuliza mimi, naegemea upande wa pili, kwa sababu waungwana waliosambaa Kivu walikuwa wengi zaidi wazaliwa wa Maniema kuliko wa Zanzibar.

Kuna mtu mmoja ninayetaka umkumbuke katika kazi hii: Sidi Mubarak Bombay, yule aliyewaongoza Wazungu Burton na Speke kwenda kwenye maziwa makuu. Ungesikia jina lake ungesema ni Mhindi. Kumbe alizaliwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa na kupelekwa India, na huko ndiko alikolipata jina la mji. Jina lake linakuambia alikopita. Kijiji cha mama yake halikitaji. La babu yenu nalo lichukulie hivyo, mpaka upate ushahidi mwingine.

Umeandika pia kwamba unaogopa kukuta alikuwa mtumwa. Mdogo wangu, aibu ya utumwa ni ya aliyenunua na aliyeuza. Mtu aliyetekwa, akaishi, akaoa, akaacha uzao mpaka Kanyaruchinya, huyo ni wa kutajwa kwa sauti katika nyumba yenu. Usimfiche.

Sasa, alifikaje huku juu, chini ya volkano ya Nyiragongo? Muulize bibi: alikuja na bunduki, na mzigo, au na duka? Maswali hayo yanatenganisha miaka. Vita vya Wabelgiji na wakubwa wa Maniema vilipiganwa 1892 hadi 1894, na baada ya kushindwa, watu wengi wa misafara walibaki bila mabwana, na wengine wakaingia jeshi la wakoloni. Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia: Wajerumani walishambulia Goma 1914, na mwaka 1916 jeshi la Kongo lilitoka upande huu wa Kivu, likapita Rwanda, mpaka Tabora, likiwa na wapagazi wengi mno. Rutshuru ilikuwa kituo cha Wabelgiji. Mwenye bunduki au mzigo anaweza kuwa wa nyakati hizo. Mwenye duka, mwenye chumvi na vitambaa, huenda alifika baadaye, barabara zilipofunguka.

Na usimuulize bibi "jina lake lina asili gani?" Atakuambia hajui, na mazungumzo yataishia hapo. Kaa naye asubuhi akichambua maharagwe, weka simu irekodi, mwache aseme kwa lugha anayoiota usiku. Muulize Feruzi alizikwa vipi: kwa sanduku au kwa sanda, uso wameuelekeza wapi? Alikuwa anaapa kwa nini? Nyama gani haikuingia nyumbani mwake? Hapa sikiliza vizuri sana, kwa sababu nguruwe anakuonyesha dini tu, lakini kama kulikuwa na mnyama mwingine ambaye watoto wote walikatazwa, huo ni mwiko wa ukoo, na mwiko husafiri mbali kuliko jina. Akiwa na hasira alitukana kwa lugha gani? Kulikuwa na jina lingine alilojiita akijisifu? Mama yake aliitwa nani? Jina la mama huyo ndilo ningelitafuta kuliko yote, maana mama ambaye hakuwahi kuingia katika msafara hakubadilishwa jina.

Baada ya bibi, karatasi. Usitafute kwa tahajia moja. Makarani waliandika walivyosikia na kwa Kifaransa chao: Juma akawa Djuma, Rajabu akawa Radjabu, Rashidi akawa Rachidi. Hata mtaa wenu unaandikwa Kanyaruchinya, Kanyarucinya, Kanyarutshinya. Basi tazama Firuzi, Ferouzi, Ferusi. Kumbuka vilevile mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo: watu wakaongeza au wakabadili majina, na mtu mmoja anaweza kuonekana katika vitabu viwili kama watu wawili.

Fungua sanduku la bibi. Huenda kuna kile kitabu cha utambulisho cha enzi ya Wabelgiji chenye kijiji na shefu wa mtu. Nenda parokia, hata kama Feruzi alikuwa Mwislamu, kwa sababu mke au mtoto wake anaweza kuwa alibatizwa, na rejesta huandika wazazi. Goma mjini usitegemee mengi ya zamani: lava ya Januari 2002 ilimeza katikati ya mji pamoja na kanisa kuu. Jaribu parokia za barabara ya Rutshuru njia ikiwa salama. Vituo vya Wamisionari wa Afrika vilikuwa na shajara za kila siku, na hifadhi yao kuu iko Roma. Nyaraka za koloni ziko Brussels. Ndugu aliye Ulaya anaweza kukuandikia barua huko, mradi umpe jina la kijiji na miaka. Jina tupu halitamsaidia mtu wa hifadhi.

Jambo moja nakuomba kama dada yako. Unachokipata usikimwage kwenye makundi ya WhatsApp. Kwetu Kivu watu wameulizwa majina kwenye vizuizi, na wengine jibu limewagharimu uhai. Andika kwenye daftari, peleka nakala kwa shangazi anayeishi mbali, kwa sababu mwajua wenyewe huko Kanyaruchinya jinsi watu wanavyoondoka usiku na godoro kichwani, daftari likabaki. Mlikimbia 2012, mkaona kambi zikijaa kuanzia 2022, na mwanzoni mwa 2025 watu wakatawanyika tena. Wazee wa Rutshuru waliolala kwenye maturubai pembeni yenu, wengine wanawajua waungwana wa zamani kwa majina. Kama mmoja wao yuko jirani bado, mwendee wiki hii, umpelekee sukari.

Ukipata jina la mama yake Feruzi, au ule mwiko, niandikie jinsi bibi alivyolitamka, hata kama hujui kuliandika. Tutaanzia Kasongo.